Mtoki Bila Kidonda: Melanoma Iliyosambaa na Chanzo Kisichoonekana

Mtu wa Munje, kijiji cha Kwale kwenye pwani ya kusini ya Kenya, akivimba kinena hakosi maelezo. Ni mtoki, na mtoki una sababu zinazojulikana: funza aliyechokolewa kwa pini, mwiba uliobaki ndani, mguu uliokatwa na tumbawe maji yakiwa yamekupwa, au matende, maradhi ambayo dawa zake zilianza kugawiwa kijiji kwa kijiji Pwani ya Kenya mwaka 2002. Mara nyingi maelezo hayo huwa sahihi na uvimbe hunywea. Lakini yupo mgonjwa ambaye mtoki wake hauumi, ni mgumu, unaongezeka mwezi hadi mwezi, na unapokatwa kinyama na kupelekwa maabara, jibu hurudi na neno ambalo nyumbani kwake hakuna aliyewahi kulisikia: melanoma. Daktari huitazama ngozi yake asione doa lolote la kushuku. Saratani imefika kwenye tezi, na mahali ilipoanzia hapaonekani. Mgonjwa anauliza kile ambacho yeyote angeuliza: nitaishi muda gani?

Swali hilo lina majibu katika maandiko ya utabibu, na yanatia moyo kuliko mtu anavyotarajia. Hoja yangu ni kwamba majibu hayo yana masharti. Mgonjwa wa pwani ya kusini anastahili masharti hayo yatimizwe kwanza, kabla hajatajiwa takwimu yoyote, iwe nzuri au mbaya.

Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya mwili. Seli hizo zimo kwenye ngozi, chini ya kucha, ndani ya jicho, na kwenye utando wa kinywa, pua, uke na njia ya haja kubwa. Kwa kawaida ugonjwa huanza kama doa, halafu seli zake husafiri kwa mishipa ya limfu hadi tezi za karibu, au kwa damu hadi mapafuni, kwenye ini na ubongoni. Kwa wagonjwa wapatao 3 katika kila 100 wa melanoma, madaktari hukuta pale ilipofika tu, si pale ilipotoka. Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya zaidi ya wagonjwa 4,000 wa aina hiyo. Wanaume walikuwa takriban mara mbili ya wanawake, na ugonjwa ulikutwa mara nyingi zaidi kwenye tezi, hasa za kwapa.

Kwa mantiki ya kawaida, saratani ambayo chanzo chake hakijulikani ingepaswa kuwa mbaya zaidi, na kwa saratani nyingi za viungo vingine ndivyo ilivyo. Melanoma inakwenda kinyume. Mwaka 2008 madaktari wa John Wayne Cancer Institute, huko Santa Monica, Marekani, walilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi zenye melanoma: upande mmoja wale ambao chanzo chao hakikupatikana, upande wa pili wale ambao doa lao la mwanzo lilijulikana, wakiwa wamefananishwa kwa umri na wingi wa tezi zilizoathirika. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai katika kundi la kwanza walikuwa 58%, na katika la pili 40%. Nusu ya wale wasiojulikana chanzo waliishi zaidi ya miezi 165, yaani karibu miaka 14. Kwa wale wenye chanzo, nusu walikuwa wamefariki kufikia mwezi wa 34. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015, uliojumlisha tafiti 18, ulipata tofauti ndogo zaidi lakini ya upande uleule: hatari ya kifo ilipungua kwa karibu 17% kwa ugonjwa ulioishia kwenye tezi, na 15% kwa uliokwisha kufika mbali.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba chanzo kilikuwepo, na mwili wenyewe ukakiua. Chembe za kinga zililitambua doa kuwa adui zikalimaliza, lakini seli chache zilikuwa zimeshatoroka kuingia kwenye limfu. Dalili za vita hivyo zimeonekana kwa macho: doa jeusi linalofifia lenyewe na kuacha kovu jeupe, au mgonjwa anayepata mabaka yanayofanana na mbalanga kwa sababu kinga yake inashambulia kila seli yenye rangi. Vinasaba navyo vimetoa ushahidi. Wanasayansi walipochunguza uvimbe wa wagonjwa wa Ulaya na Australia wasio na chanzo, walikuta alama za uharibifu wa miale ya jua, zilezile zinazokutwa kwenye melanoma za ngozi. Kwa hiyo seli hizo ziliwahi kukaa ngozini, hata kama ngozi haionyeshi tena kitu. Iko nadharia nyingine, kwamba baadhi ya melanoma huzaliwa ndani ya tezi kutokana na seli za rangi zilizopotea njia tangu tumboni mwa mama, lakini alama hizo za jua zimeidhoofisha sana.

Wazo la kinga kupigana na melanoma lina historia katika Afrika ya Mashariki, na inanisikitisha kwamba haisimuliwi kwetu. Mwaka 1967 M. G. Lewis, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Kampala, alichapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu kinga ya mwili na melanoma kwa wagonjwa wa Uganda. Alikuwa ameona kwamba damu ya baadhi yao ilikuwa na uwezo wa kuzidhuru seli za uvimbe wao wenyewe, na kwamba uwezo huo ulihusiana na ugonjwa kutosambaa. Mwaka huohuo kituo cha kwanza cha kile ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda kilifunguliwa Mulago. Dawa zinazoamsha kinga, ambazo utafiti wake uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, zimesimama juu ya wazo linalofanana na lake: mwili unaweza kuitambua melanoma, kazi ni kuuondolea breki.

Lewis huyohuyo, mwaka huohuo wa 1967, alichapisha kazi ya pili, na hiyo ndiyo inayobadilisha hesabu yetu ya Munje. Alichunguza nyayo za Waganda na kuonyesha kwamba wayo ndio makao makuu ya melanoma ya Mwafrika mweusi. Miongo mingi baadaye madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliripoti picha hiyohiyo kwa wagonjwa wao: miguu ndiyo iliyoongoza. Melanoma ya Mzungu hukaa mgongoni, miguuni kwenye sehemu zilizo wazi, usoni, inafuata jua. Yetu huota mahali ambapo jua halifiki: kisiginoni, katikati ya vidole, chini ya kucha. Bob Marley, ambaye nyimbo zake zinasikika hadi leo kwenye matatu za Likoni na mabandani Diani, alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imefika ubongoni.

Sasa tuulize zile 58% za Santa Monica ni za nani. Ni za watu ambao ngozi yao ilichunguzwa kutoka utosini hadi unyayoni, wengi wao weupe, ambao melanoma yao ilitokana na jua na kinga yao ikaifuta. Hawakukosa chanzo kwa sababu hakuna aliyekitafuta. Mtu wa Munje mwenye tezi ya kinena anaweza kuandikiwa maneno yaleyale kwenye faili, chanzo hakikupatikana, huku ugonjwa wake ni tofauti kabisa: chanzo kipo wayoni, kiko hai, kinaendelea kumwaga seli, na bado hakijatazamwa. Kumpa takwimu za Santa Monica ni kumpa matumaini ya mtu mwingine.

Kwapa na kinena vinasema mambo mawili tofauti. Tezi za kwapa hupokea limfu ya mkono, kifua na mgongo wa juu, sehemu ambazo jua la Ulaya na Marekani huharibu zaidi. Tezi za kinena hupokea limfu ya mguu mzima, matako, sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Mwafrika mwenye melanoma kinenani apewe jibu la chanzo kisichojulikana baada tu ya daktari kuishika miguu yake yote miwili, akaiosha, akaitazama kwenye mwanga mzuri.

Kanuni ya kuita ugonjwa huu kwa jina lake iliwekwa mwaka 1963 na Das Gupta na wenzake, na nikiisoma nikiwa na Kwale akilini naona jinsi ilivyo ngumu kwetu. Walisema mgonjwa asihesabiwe kuwa hana chanzo ikiwa aliwahi kutolewa jicho; ikiwa doa au uvimbe wa ngozi uliwahi kukatwa au kuchomwa bila kupelekwa maabara; ikiwa kuna kovu kwenye eneo la ngozi linalomwaga limfu kwenye tezi iliyoathirika; au ikiwa macho, njia ya haja kubwa na sehemu za siri hazikuchunguzwa. Ipime kanuni hiyo na maisha ya huku. Kidonda cha wayo huchokolewa kwa wembe na mtu wa nyumbani, kwa nia njema. Uvimbe huchomwa kwa dawa ya mitishamba. Wengi wana chale za tiba za tangu utotoni. Zahanati nayo hukata kinyama kilichoota, ikafunga kidonda, na kipande kikatupwa kwa sababu hapakuwa na njia ya kukifikisha kwa mtaalamu wa patholojia, au mgonjwa hakuwa na ada ya kipimo. Kwa kanuni ya 1963, sehemu kubwa ya wagonjwa wetu wasingekubaliwa hata kidogo kuitwa wasio na chanzo.

Kwa hiyo utafutaji wenyewe ni sehemu ya ubashiri, na sehemu yake kubwa haihitaji mashine. Inahitaji taa, muda na mtu asiyeona haya. Nyayo, katikati ya kila kidole, kucha zote 20. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Mstari mmoja mpana, unaozidi kupanuka na kumwaga weusi kwenye ngozi inayozunguka ukucha, unapaswa kukatwa na kupimwa. Ngozi ya kichwa chini ya nywele au kilemba. Kaakaa na ufizi. Pua, hasa kwa anayetokwa damu upande mmoja. Macho, kwa kifaa cha kutazama nyuma ya jicho. Njia ya haja kubwa kwa kidole, na kwa wanawake uchunguzi wa ndani wa uke, unaofanywa na mhudumu wa kike mgonjwa akitaka. Mama wa Munje ana haki ya kuomba hivyo bila kuonekana msumbufu. Nasisitiza pia vidonda visivyo vyeusi. Baadhi ya melanoma hazina rangi. Huonekana kama kinyama chekundu kinachotoa damu, na wayoni hufananishwa na funza au kidonda cha kisukari. Kidonda cha wayo kisichopona kwa miezi kadhaa hakipaswi kusafishwa tu mwaka mzima bila kipande chake kupelekwa kupimwa.

Maabara nayo ina lake. Melanoma ndani ya tezi hujifanya ugonjwa mwingine: limfoma, sarkoma, au saratani iliyotoka mahali pengine. Rangi maalumu za kutambua protini kama S100, SOX10, HMB-45 na Melan-A ndizo zinazoondoa shaka. Jibu lililotolewa kwa jicho tu, bila vipimo hivyo, halitoshi kumwambia mtu hatima yake.

Baada ya hapo picha ya mwili mzima: CT ya kifua na tumbo, MRI ya ubongo ikipatikana. PET, inayoweza kuonyesha mahali pengi kwa mara moja, ipo Nairobi. Inasaidia zaidi kujua ugonjwa umefika wapi kuliko kukipata chanzo.

Tuseme sasa yote yamefanywa na kweli hakuna chanzo. Ubashiri hapo unategemea mambo ambayo familia inaweza kuyaelewa vizuri ikielezwa. La kwanza na zito kuliko yote ni mahali ugonjwa ulipo. Ukiwa kwenye tezi za eneo moja tu, uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2017 unauweka hatua ya tatu, si ya nne, ingawa umetoka ulikoanzia. Jambo hili huwapotea wengi: wakisikia neno kusambaa wanaelewa mwisho. Katika uchambuzi wa 2011 nilioutaja, waliokuwa na ugonjwa kwenye tezi pekee walifika miaka 5 kwa kiwango cha kati ya 28.6% na 75.6%, kutegemea utafiti. Kwa waliokuwa nao kwenye viungo vya ndani, kiwango kilikuwa kati ya 5.9% na 18%, na nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya miezi 3 hadi 16. Takwimu hizo zote ni za kabla ya dawa mpya za kuamsha kinga. Ndani ya hatua ya tatu, tezi moja ni afadhali kuliko nne, na tezi ambazo saratani haijapasua ganda lake ni afadhali kuliko zilizopasuka. Ndani ya hatua ya nne, mapafu ni afadhali kuliko ini, na ubongo ndio mbaya zaidi. Kipimo cha damu cha LDH, kinachofanyika hospitali nyingi kwa gharama ndogo, kikiwa juu huashiria ugonjwa mzito.

Upasuaji unaoondoa tezi zote zilizoathirika ndio uliowapa wagonjwa wa Santa Monica miaka yao. Hili ni la kushikilia kwa nguvu, kwa sababu ni tiba inayowezekana hapa nchini. Tezi ya kinena iliyothibitishwa kuwa na melanoma, bila ugonjwa mahali pengine, ni sababu ya kumtafuta daktari bingwa wa upasuaji mapema. Haipaswi kuwa sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na dawa za maumivu.

Kwa ugonjwa uliofika mbali, dawa ya zamani ilikuwa dakabazini, iliyotumika tangu miaka ya 1970. Iliwapunguzia uvimbe wagonjwa wachache na haikuthibitishwa kurefusha maisha. Mambo yalibadilika mwaka 2011 ilipoidhinishwa ipilimumab, mojawapo ya zile dawa zinazoamsha kinga, kisha 2014 pembrolizumab na nivolumab. Rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter alitangaza Agosti 2015, akikaribia miaka 91, kwamba melanoma imekutwa kwenye ini lake na sehemu nne za ubongo. Taarifa zake kwa umma zilitaja ini na ubongo, si doa la ngozi. Alitibiwa kwa mionzi na pembrolizumab. Desemba mwaka huo alisema vipimo havionyeshi tena saratani, na aliishi hadi tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100. Huyo ni mtu mmoja, lakini makundi makubwa yanaelekea upande uleule: katika utafiti wa CheckMate 067, uliochapisha matokeo ya miaka 10 mwaka 2024, 43% ya waliopewa nivolumab pamoja na ipilimumab walikuwa bado hai. Kabla ya dawa hizi, mgonjwa wa hatua ya nne alihesabiwa miezi.

Hapa tena chanzo kinaingia kwenye hesabu. Melanoma iliyosababishwa na jua ina makosa mengi ya vinasaba, na kila kosa huipa kinga kitu cha kulenga. Ndiyo maana huitikia dawa hizi vizuri, hata chanzo kikiwa kimetoweka. Melanoma ya wayo ina makosa machache na huitikia kidogo zaidi. Takriban nusu ya melanoma za ngozi zenye asili ya jua zina badiliko la kinasaba cha BRAF linaloweza kulengwa kwa vidonge. Kati ya melanoma za wayo na kucha, zenye badiliko hilo ni chache zaidi, na baadhi zina badiliko la kinasaba cha KIT badala yake. Kipimo cha vinasaba kwenye kipande cha tezi kinaweza hata kudokeza ugonjwa ulitoka kwenye ngozi ya aina gani, na hivyo kumpa mgonjwa ubashiri wake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza nivolumab na pembrolizumab kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na melanoma iliyosambaa ndiyo iliyozifungulia mlango. Kuwa kwenye orodha hakuzileti hospitali ya Msambweni, Kwale. Bei yake kwa mwaka mmoja inazidi kwa mbali kiasi ambacho mfuko wa bima ya afya wa SHA, ulioshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, umetenga kwa saratani kwa kaya moja. Ndivyo inavyotokea kwamba katika ufuo mmoja, Mjerumani aliyestaafu Diani akikutwa na melanoma iliyofika mbali bila chanzo anarudi kwao kwa bima yake na kuingia kwenye hesabu ya zile 43%, wakati mvuvi wa kusini kwake anahesabiwa kwa kanuni za mwaka 1980. Hilo ni kosa la mgawanyo wa dawa. Nalitaja kwa sababu ubashiri ukitajwa bila kulitaja, mgonjwa ataamini kwamba mwili wake ndio uliomwangusha.

 

Mgonjwa akiuliza muda wake, daktari mwema anaweza kumjibu kwa mpangilio huu: tumekutazama kila mahali au bado, ugonjwa uko kwenye tezi tu au umepita, tezi zimeondolewa zote au hapana, kipande kimepimwa vinasaba au hakijapimwa. Mwenye tezi moja iliyoondolewa, aliyechunguzwa hadi katikati ya vidole bila kukutwa chanzo, ana haki ya kuambiwa kwamba kuishi miaka 5 ni jambo linalowezekana kabisa, na kwamba arudi kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, kwa sababu ugonjwa ukirudi, huo ndio wakati wake wa kawaida. Aliyekutwa na doa kisiginoni baada ya kuambiwa hana chanzo amepoteza jina lenye ubashiri mzuri, lakini amepata kitu cha kukata, na seli zilizokuwa zikimwagika kila siku zitakuwa zimezibwa njia. Mwenye ugonjwa kwenye ini na ubongo bila uwezo wa kupata dawa mpya aelezwe kwamba muda wake yamkini ni miezi, apewe mofini ya kutosha, na apewe nafasi ya kupanga mambo na watu wake angali na nguvu za kukaa nao barazani.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yao ya kazi nchini kote mwaka 2023, huingia nyumba ambazo daktari wa saratani hatazifikia kamwe. Wanapima shinikizo la damu na sukari. Kumwambia mzee avue ndala na kuinua nyayo huchukua dakika moja, na kwa mwenye mtoki usiopona dakika hiyo inaweza kuamua ni safu ipi ya takwimu hizi inayomhusu.